UFUGAJI SAMAKI: Ni mara ngapi kwa siku ngege anapaswa kulishwa?

MFUGAJI wa ng'ombe huona kwa macho yake majani yaliyosalia horini, na mfugaji wa kuku huona punje zilizomwagika sakafuni. Mfugaji wa samaki hana bahati hiyo. Yeye hurusha lishe majini, maji yakatibuka kwa dakika chache, kisha yakatulia, naye huondoka asijue ni kiasi gani kilichoingia vinywani mwa samaki na ni kiasi gani kilichozama kwenda kuozea matopeni.

Kutojua huko kuna bei yake. Kwa mfugaji anayenunua chakula cha samaki dukani, lishe peke yake huweza kumeza nusu ya gharama zake zote, na mara nyingine zaidi ya nusu. Isitoshe, lishe iliyooza hunyonya oksijeni ambayo samaki wanaihitaji ili wapumue. Mfugaji basi hupata hasara mara mbili: kwanza fedha alizonunulia chakula, na pili samaki wanaodumaa au kufa kwa sababu ya maji yaliyochafuka.

Wafugaji wengi huuliza ni chakula gani kilicho bora na ni kiasi gani kinachotosha. Swali la tatu, yaani chakula hicho kigawanywe mara ngapi kwa siku, huulizwa kwa nadra mno. Ilhali utafiti wa miaka mingi katika mataifa mbalimbali umeonyesha kwamba kilo ile ile ya lishe, ikitolewa kwa mpangilio tofauti, huzaa nyama kwa viwango tofauti na uchafu kwa viwango tofauti.

Humu nchini suala hili lilipata uzito kuanzia mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi ambao sehemu yake ilikuwa ujenzi wa vidimbwi vya samaki. Maeneobunge 140 yalichaguliwa na kila moja likatengewa vidimbwi 200, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita mraba 300 na kutiwa vifaranga 1,000. Kabla ya hapo, samaki wa kufugwa nchini Kenya hawakufikia tani 5,000 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2014 walikuwa wamepanda hadi takriban tani 24,000. Kisha idadi hiyo ikaporomoka, na mwaka 2016 ikawa kama tani 15,000 pekee.

Sababu za kuporomoka huko ni nyingi: msaada wa serikali ulikoma, maji yalikauka katika baadhi ya maeneo, soko halikuwa tayari. Hata hivyo, ukizungumza na waliokata tamaa wakaacha vidimbwi vyao viwe makao ya vyura na matete, malalamishi mawili hujitokeza kila mara. Lishe ilikuwa ghali, na samaki hawakukua. Malalamishi hayo mawili mara nyingi ni lalamishi moja.

Tumbo la ngege na tumbo la kambare

Ili kuelewa ni kwa nini idadi ya milo ni muhimu, sharti kwanza tuelewe jinsi samaki anavyokula akiwa huru. Ngege, ambaye wengine humwita perege na wengi humtambua kwa jina la tilapia, si mwindaji. Ziwani au mtoni yeye hushinda akila kidogo kidogo mchana kutwa, akidonoa mwani, mabaki ya mimea na viumbe wadogo wanaoelea majini. Maumbile yake yamefuata mtindo huo wa maisha. Tumbo lake ni dogo, ilhali utumbo wake ni mrefu kupindukia, ukiwa umejikunja mara nyingi ndani ya mwili na urefu wake ukizidi urefu wa samaki mwenyewe mara kadhaa. Mnyama aliyeumbwa hivyo hana ghala la kuhifadhi mlo mkubwa.

Kambare ni kiumbe wa tabia nyingine. Ana tumbo kubwa linalotanuka, anaweza kumeza mlo mkubwa kwa mara moja, na hupenda kutafuta chakula jioni na usiku akitumia sharubu zake kupapasa gizani. Ndiposa mfugaji aliyezoea kambare, akihamia ngege bila kubadilisha ratiba, hushangaa kuona mambo hayaendi.

Je, ngege huchukua muda gani kabla ya kuona njaa tena? Uchunguzi uliofanywa Marekani na mtaalamu Riche pamoja na wenzake, na kuchapishwa mwaka 2004, ulilijibu swali hilo vizuri. Walibaini kwamba ngege wachanga walioshibishwa katika maji yenye nyuzijoto 28 hurejewa na hamu ya kula baada ya takriban saa nne. Jambo la kuvutia zaidi ni lile lililotokea walipowalisha kila baada ya saa mbili au tatu. Samaki hao hawakukataa chakula. Walikula, tena walikula kingi kuliko wenzao, lakini hawakukua kuwapita wale waliolishwa kila baada ya saa nne au tano.

Kile cha ziada kilikwenda wapi? Mlo mpya unapoingia kabla ule wa awali haujamaliza kusagwa, huusukuma mbele utumbo ukiwa bado haujapata nafasi ya kufyonza virutubisho. Ni kama kinu cha kusagia mahindi kinachomiminiwa punje kupita uwezo wake: kitu hutoka upande wa pili, lakini nyingi ni chenga. Chenga hizo ndizo kinyesi chenye protini ambayo mfugaji aliilipia na samaki hakuitumia.

Hivyo basi, imani ya baadhi ya wafugaji kwamba samaki akiendelea kula ni ishara kuwa anahitaji chakula zaidi ni imani ya kupotosha. Ngege ni mlafi. Atafungua kinywa kwa kila anayepita ukingoni mwa kidimbwi, hata kama alikula saa moja iliyopita.

Upande wa pili wa shilingi una madhara pia. Mfugaji anayelisha mara moja tu kwa siku, labda kwa sababu ana shughuli nyingine shambani, humwaga kilo nzima kwa wakati mmoja. Samaki wakubwa na wenye nguvu hujitwalia nafasi ya mbele na kushiba kwanza. Wadogo hupata mabaki, na siku baada ya siku pengo baina yao hupanuka. Wakati wa kuvua, mfugaji hujikuta na samaki wachache wa gramu 400 na lundo la wengine wasiozidi gramu 100 ambao soko haliwataki. Kwa kambare hali ni mbaya hata zaidi, kwani wakubwa hawaishii kuwanyima wadogo chakula. Huwala.

Aidha, tembe zilizokaa majini kwa muda mrefu bila kuliwa hulainika, zikapoteza vitamini zinazoyeyuka haraka, na hatimaye zikasambaratika. Samaki anayezifikia baadaye hula makapi.

Umri wa samaki nao huamua mengi. Kifaranga aliyetoka kuanguliwa ni kama mtoto mchanga: tumbo lake ni tone, na mwili wake unajengwa kwa kasi. Katika vituo vya kuzalisha vifaranga, wadogo hawa hupewa lishe ya unga laini yenye protini ya asilimia 40 au zaidi, mara sita hadi nane kwa siku, na kwa siku moja wanaweza kula chakula kinachofikia asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa miili yao. Anapofika gramu tano hadi 20, kiwango hicho hushuka hadi takriban asilimia tano, na milo mitatu au minne hutosha. Akivuka gramu 100, asilimia tatu au pungufu inatosha, kwa milo miwili au mitatu. Ngege wa gramu 250 na kuendelea huhitaji asilimia mbili hivi, na protini ya asilimia 25 hadi 28 humfaa.

Binafsi naona kwamba kwa mkulima wa kawaida mwenye kidimbwi kimoja au viwili, milo mitatu ndiyo kikomo cha busara samaki wakishavuka hatua ya uchanga. Mlo wa nne huongeza kazi kuliko unavyoongeza nyama, na mkulima huyo ana ng'ombe wa kukama na watoto wa kupeleka shule.

Yanayotokea ndani ya maji

Sasa tuje kwenye uchafu. Chukua kilo moja ya lishe yenye protini ya asilimia 30. Ndani yake mna gramu 300 za protini, na kwa kuwa takriban asilimia 16 ya protini ni naitrojeni, kilo hiyo ina gramu 48 za naitrojeni. Samaki aliyelishwa vyema huhifadhi mwilini mwake kama thuluthi moja tu ya kiasi hicho. Thuluthi mbili zilizosalia, zaidi ya gramu 30, hurudi majini, hata pale ambapo hakuna punje hata moja iliyobaki bila kuliwa.

Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo hutoka kupitia mashavu ya samaki ikiwa amonia, ile ile inayowasha macho katika choo kisichosafishwa. Amonia huwa katika hali mbili majini. Moja haina madhara makubwa. Ya pili ni sumu inayochoma mashavu ya samaki na kumfanya asitake kula. Joto linapopanda na maji kuzidi kuwa na alkali, amonia hugeuka kwa wingi kuwa ile ya sumu. Alasiri ya jua kali, mwani unapokuwa umetumia hewa ya kaboni iliyomo majini, ndiyo saa ambayo hatari hiyo huwa kubwa zaidi.

Hapa ndipo idadi ya milo inapoingia tena. Saa chache baada ya kula, samaki hutoa amonia nyingi kuliko kawaida. Mlo mmoja mkubwa huzua wimbi moja kubwa la amonia. Mlo huo huo ukigawanywa mara tatu, mawimbi huwa madogo, na bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati hupata nafasi ya kufanya kazi yao kabla sumu haijarundikana.

Bakteria hao, sawa na wale wanaoozesha lishe iliyozama, hupumua. Mwani nao hupumua usiku. Samaki vilevile, na samaki aliyetoka kula huhitaji oksijeni zaidi kuliko mwenye njaa, kwa sababu kusaga chakula ni kazi. Mchana mwani hutengeneza oksijeni kwa nguvu za jua. Jua likitua kiwanda hicho hufungwa, na wote hubaki wakichota kutoka ghala moja hadi alfajiri. Ndiyo maana oksijeni huwa chini kabisa kabla tu ya mapambazuko, na ndiyo maana samaki wanaoonekana saa kumi na mbili asubuhi wakihema juu ya maji hawaombi chakula. Wanatafuta pumzi. Anayewarushia lishe wakati huo akidhani wana njaa anawaongezea taabu.

Wataalamu hupendekeza oksijeni isipungue miligramu nne au tano katika kila lita ya maji. Ikishuka chini ya tatu, ngege hupunguza kula. Mkulima asiye na kipimo anaweza kuitumia saa ya ukutani badala yake: mlo wa kwanza utolewe jua likishapanda, yapata saa tatu au saa nne asubuhi, na wa mwisho usipite saa kumi jioni. Ukitolewa baada ya hapo, kilele cha kusaga chakula kitaangukia usiku, wakati ghala la oksijeni linapungua. Kambare huvumilia zaidi kwa sababu ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji, na ndiposa anaweza kulishwa jioni bila wasiwasi mwingi.

Hali ya hewa pia huamua. Ngege hupenda maji yenye nyuzijoto 27 hadi 30. Yakiwa chini ya nyuzi 20 hamu yake hupungua sana, na yakikaribia 16 karibu aache kula kabisa. Mkulima wa Nyeri au Kirinyaga anayefuata ratiba ya mwenzake wa Busia katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti analisha matope. Katika majira hayo, kupunguza kiasi na hata kuondoa mlo wa asubuhi, maji yakiwa bado baridi, ni uamuzi wa busara. Hali kadhalika siku za mawingu mazito, ambapo mwani haukupata jua la kutosha kutengeneza oksijeni.

Vizimba vya Ziwa Victoria

Katika kidimbwi mfugaji hujichafulia maji yake mwenyewe. Ziwani mambo ni tofauti, maana maji ni ya watu wote.

Ufugaji wa ngege ndani ya vizimba vya nyavu umeenea kwa kasi katika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria tangu mwanzoni mwa mwongo wa 2010, katika kaunti za Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori na Busia. Samaki wa kizimbani wamesongamana na hawana mwani wa kutosha wa kudonoa, kwa hivyo humtegemea mfugaji kwa kila kitu. Lishe yao sharti iwe kamili, na sharti iwe ya tembe zinazoelea, kwa kuwa tembe inayozama hupita katikati ya nyavu na kupotea milele katika muda wa sekunde chache. Kwa sababu hiyo, kuwalisha samaki wa kizimbani kidogo kidogo mara tatu au nne kuna maana zaidi kuliko kufanya hivyo kidimbwini.

Tufanye hesabu. Mfugaji hodari hutumia kama kilo moja na nusu ya lishe kupata kilo moja ya samaki. Ili avune tani moja ya ngege, atatumia tani moja na nusu ya lishe ambayo, ikiwa na protini ya asilimia 30, ina kilo 72 za naitrojeni. Miili ya samaki hao itabeba takriban kilo 25. Kilo 47 zilizosalia zitabaki ziwani. Sasa mchukue mfugaji mzembe anayetumia kilo mbili za lishe kwa kila kilo ya samaki. Naitrojeni aliyoingiza ni kilo 96. Samaki bado wanabeba 25 zile zile. Ziwa linaachiwa kilo 71. Lishe iliongezeka kwa thuluthi moja, uchafu ukaongezeka kwa nusu. Sababu ni rahisi: kila kilo ya ziada isiyogeuka kuwa nyama ni uchafu mtupu.

Naitrojeni na fosforasi ni mbolea. Zikiingia ziwani hulisha mwani na magugu maji ambayo wakazi wa Ghuba ya Winam wanayajua vyema tangu miaka ya tisini. Kusema kweli vizimba si chanzo pekee cha mbolea hiyo, wala si kikubwa. Mito huleta udongo na mbolea kutoka mashambani, nayo miji huleta majitaka. Lakini uchafu wa kizimba hutua papo hapo chini ya kizimba. Ukirundikana sakafuni mwa ziwa mahali pasipo na mkondo wa kutosha, maji ya chini huishiwa na oksijeni. Upepo mkali ukiyapindua maji hayo yakapanda juu, samaki waliofungiwa nyavuni hawana pa kukimbilia.

Mwezi Novemba mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu waliamka na kukuta samaki wao wakielea wakiwa wamekufa kwa wingi, na upungufu wa oksijeni uliosababishwa na maji ya chini kupanda juu ukatajwa kuwa kiini cha maafa hayo. Haingekuwa haki kuwalaumu waliopoteza mali yao kwamba waliyasababisha kwa kulisha vibaya. Maji ya ziwa hupinduka hata pasipo vizimba. Hata hivyo, kizimba kilichowekwa katika kina kirefu chenye mkondo, na chenye sakafu isiyojaa mabaki ya lishe, huwa na nafasi bora ya kunusurika.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Sehemu ya protini katika lishe za samaki hutokana na omena na kamba wadogo wa ziwani wanaoitwa ochonga. Omena ni kitoweo cha familia nyingi zisizoweza kununua ngege. Kwa hivyo lishe inayotupwa majini ni, kwa kiasi fulani, chakula cha binadamu kilichotupwa.

Siku ya kulisha na siku ya kufunga

Kuna utafiti ambao huwashangaza wafugaji wengi wanaposikia habari zake mara ya kwanza. Mtaalamu Remedios Bolivar na wenzake nchini Ufilipino walilinganisha vidimbwi vya ngege waliolishwa kila siku na vingine ambavyo samaki walilishwa siku moja na kuachwa siku inayofuata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliolishwa kila baada ya siku moja walitumia takriban nusu ya lishe, na mavuno yao hayakutofautiana sana na ya wenzao. Faida ya mfugaji ikapanda.

Siri ya matokeo hayo ni rangi ya maji. Vidimbwi hivyo vilikuwa vimetiwa mbolea, na maji yake yalikuwa ya kijani kibichi kwa wingi wa mwani. Siku ambayo mfugaji hakuleta chakula, samaki waliendelea kujilisha wenyewe kama babu zao walivyofanya ziwani. Zaidi ya hayo, samaki aliyekosa mlo kwa muda mfupi hula kwa hamu na kukitumia chakula chake vizuri zaidi anaporejeshewa.

Hii ni habari njema kwa mkulima mdogo wa Kisii, Kakamega au Meru mwenye samadi ya ng'ombe bila gharama, bora tu aelewe mipaka yake. Mbinu hii haifai kwenye vizimba, wala kwenye matangi ya plastiki yenye maji meupe, wala kwa vifaranga, na haifai kidimbwi kilichosongamana samaki. Kipimo chake ni rahisi. Tumbukiza mkono wako majini hadi kwenye kiwiko huku umekunjua kiganja. Ikiwa huoni kiganja chako kwa sababu ya ukijani, maji yana chakula cha asili. Ikiwa huoni kwa sababu ya tope, hicho si chakula. Ukihesabu vidole vyako vyote waziwazi, usijaribu kuwafungisha samaki wako. Tia mbolea kwanza.

Kupima na kuweka kumbukumbu

Yote haya hayana maana iwapo mfugaji hajui ana samaki wangapi na wana uzito gani. Hapa ndipo wengi hujikwaa.

Kila baada ya wiki mbili, au angalau mara moja kwa mwezi, vuta wavu mdogo, toa samaki 30 bila kuchagua, uwapime wote pamoja ndani ya ndoo ya maji ambayo uzito wake unaujua. Tuseme uzito wao ni kilo tatu. Kila mmoja basi ana wastani wa gramu 100. Ikiwa ulitia vifaranga 1,000 na unakadiria 900 wangali hai, una kilo 90 za samaki majini. Asilimia tatu ya kilo hizo ni kilo 2.7 kwa siku, ambazo kwa milo mitatu ni gramu 900 kila mlo. Mwezi unaofuata hesabu hiyo itakuwa imepitwa na wakati, kwa hivyo irudie.

Lakini tuseme wale 900 ni ndoto. Mnandi, kenge, fisi maji na wezi wa usiku wamepita, na waliobaki ni 600. Mahitaji halisi ni kilo 1.8. Mfugaji anayeendelea kutoa kilo 2.7 anatupa gramu 900 kila siku, kilo 27 kwa mwezi. Kwa bei ya mfano ya Sh150 kwa kilo, hizo ni Sh4,050 zinazogeuzwa kuwa amonia. Njia ya kumgundua mwizi huyo ni kusimama kando ya kidimbwi na kutazama. Lishe itolewe mahali pamoja na kwa saa zile zile kila siku, ili samaki wazoee kukusanyika. Siku ya upepo, irushwe kutoka upande unakotoka upepo ili tembe zisisukumwe ukingoni. Rusha kidogo, subiri waimalize, kisha rusha tena. Ikiwa baada ya dakika 10 au 15 kungali na tembe zinazoelea, umepitisha kiasi; punguza mlo unaofuata. Wakija kwa ulegevu siku mbili mfululizo, usiongeze chakula ili kuwavutia. Chunguza maji, kwani ulegevu huo mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba oksijeni imepungua au amonia imezidi.

Anayetumia lishe ya kuzama aliyojitengenezea nyumbani kwa pumba za mchele, mashudu ya pamba au ya alizeti na omena hana uwezo wa kuona mabaki yakielea. Huyu atafute karai pana au fremu yenye wavu mzito, aishushe majini kwa kamba, atie lishe juu yake na kuinyanyua baada ya nusu saa. Kitakachokuwa kimesalia kitamwambia kiasi cha kesho.

Mavuno yanapokaribia, lishe hukatizwa kabisa saa 24 kabla ya wavu kuingia majini. Samaki mwenye utumbo mtupu hachafui maji ya kusafirishia, huvumilia zaidi kushikwashikwa, na nyama yake hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuharibika akifika sokoni.